Kocha Kitana Aliyebadilisha Mchezo wa Kamba

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama una mtoto karibu, mwache asikilize naye, maana haya yanamhusu.

Leo tunamkumbuka msusi aliyefundisha kriketi. Narudia kwa wale waliochelewa kuwasha redio: msusi, huyu wa nywele, aliyefundisha watoto wa shule ya msingi kucheza kriketi, na ndani ya kriketi hiyohiyo akawafundisha kutunza afya zao. Hakulipwa. Alijitolea kila Jumamosi, mpaka mwili wake ulipokataa. Tumemzika wiki iliyopita.

Watoto walimwita Kocha Kitana. Jina hilo alilipata siku ya kwanza kabisa, alipoingia uwanjani mbio kutoka saluni, kitana kimechomekwa kichwani, amekisahau. Watoto wakacheka. Yeye akapapasa kichwa, akakikuta, akacheka kuliko wao. Tangu siku hiyo hakukitoa tena. Alisema makocha wengine wana filimbi, yeye ana kitana.

Sasa, msusi na kriketi walikutana wapi? Nilimuuliza mdogo wake, ambaye walikuwa na saluni moja. Akaniambia kwamba walikuja vijana wa kujitolea, wageni, wakakaa shuleni wiki moja. Walileta mabegi ya vifaa vya kriketi. Walifundisha walimu na wazazi namna ya kuchezesha watoto huku ukiwaeleza kuhusu magonjwa na virusi vya UKIMWI. Kocha Kitana hakualikwa. Alikuwa amekwenda kumchukua mtoto wa jirani, akasimama kuangalia, akaanza kuuliza maswali, na mwisho wa wiki yeye ndiye aliyekuwa akiwajibia wenzake. Wageni wakaondoka. Mabegi yakaingia stoo ya shule. Mnajua mambo ya stoo. Kitu kikiingia humo, mwenye bahati ya kukiona tena ni panya.

Yeye akamfuata mwalimu mkuu na kuomba ufunguo.

Nikiri jambo moja, wasikilizaji. Mimi na kriketi hatujuani. Nimekuzwa na mpira wa miguu. Kwa hiyo nilieleweshwa, nami nawaeleza kwa ufupi. Kuna vijiti vitatu vimesimamishwa. Mpigaji anasimama mbele ya vijiti hivyo na gongo, anavilinda. Mrushaji anarusha mpira ili aviangushe. Vikianguka, mpigaji ametoka, basi. Kocha Kitana aliwaambia watoto kwamba vile vijiti ni afya yako, na gongo ni kile unachokijua. Usipojua kitu, umesimama mikono mitupu. Mtoto wa darasa la nne analielewa hilo hata akiwa na usingizi.

Lakini Jumamosi, wapendwa! Kila mwenye saluni anajua Jumamosi ni siku gani. Mdogo wake bado ana kinyongo kidogo, na anakisema huku akitabasamu. "Jumamosi ndiyo siku yetu ya vichwa," aliniambia. "Watu wamejaa mpaka mlangoni. Dada yangu anamwacha mtu kasukwa nusu, anakwenda kuchezesha mpira. Siku moja mteja alikataa kuachwa. Alimfuata mpaka uwanjani, akakaa kwenye kigoda, akamaliziwa kusukwa palepale, huku dada anapiga kelele, shusha gongo, shusha gongo!"

Yule mteja, nimeambiwa, alirudi uwanjani wiki iliyofuata kwa hiari yake.

Mume wa kocha ni mwashi, mtu wa maneno machache. Alipooa hakujua anaoa na timu. Jioni nyingi alirudi kutoka kazini akakuta sebule imejaa magongo, na watoto wanne wamelala juu ya kochi wakisubiri kurudishwa kwao. Nilipomuuliza kama alichoka, alisema alichoka sana, na angependa kuchoka tena.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana nafika mahali ambapo kocha alikosea. Ndiyo, alikosea. Mtu akifa tunampamba, tunamfuta mikunjo yote, mpaka mwenyewe akirudi hatajitambua. Mimi sitafanya hivyo leo. Na anayetaka kosa hili lisimuliwe ni yule aliyeumizwa nalo. Amesema lisemwe lote, na atakayemtambua amtambue. Jina lake halisi tunaliweka pembeni. Tutamwita Mdakaji, kama wenzake walivyomwita, kwa sababu mpira haukumponyoka.

Kocha alikuwa na mchezo wake mwenyewe, aliouita mchezo wa kamba. Alilaza kamba chini, duara kubwa. Watoto wakaingia ndani. Akawauliza maswali ya afya, na kila aliyejibu sawa alipewa gongo la kujilinda. Kisha mpira laini ukarushwa katikati yao. Mpira ule ni kirusi. Ukikugusa, kocha anaita kwa sauti, "Kirusi! Nje!" Unatoka nje ya kamba, unakaa chini, umekwisha. Wenzako wanapiga makofi matatu. Wa mwisho kubaki ndani ndiye mshindi.

Watoto waliupenda sana. Maafisa wa afya walikuja kuutazama, wakausifu, wakaupiga picha. Kocha naye alijivunia, na kwa nini asijivunie? Watoto walitoka pale wanajua mambo ambayo wazazi wao waliona haya kuyataja.

Ndani ya duara lile, wasikilizaji wapendwa, alikuwamo mtoto wa kike aliyezaliwa na virusi.

Mdakaji alilelewa na bibi yake, mama wa mama yake. Alikunywa dawa kila siku tangu akiwa mdogo, akidhani ni za kifua. Mwaka ule, alipokuwa darasa la sita, bibi alimkalisha chini, akamwambia ukweli. Akamwambia pia kwamba akinywa dawa zake atakua, atasoma, atazeeka kama yeye. Mtoto akasema sawa. Hawakumwambia mtu mwingine. Jumamosi iliyofuata akaenda mazoezini kama kawaida.

Kocha akauliza swali. Mdakaji akajibu sawasawa. Akapewa gongo. Mpira ukarushwa, ukadunda vibaya, ukamgusa kisigino. Na Kocha Kitana, kwa furaha zake zote, akaita, "Kirusi! Nje!"

Mtoto akatoka nje ya kamba. Akakaa chini. Wenzake wakapiga makofi matatu.

Hakurudi mazoezini Jumamosi iliyofuata, wala ile ya baada yake. Kocha alidhani ana mafua. Kisha siku moja ya katikati ya wiki, saluni haina mtu na mdogo wake ametoka kununua nyuzi, bibi akaingia. Akakaa kwenye kiti cha kusukia, mbele ya kioo, kitambaa kichwani. Kocha akataka kumvua kitambaa aanze kazi. Bibi akamshika mkono.

"Sikuja kusuka, mwanangu," alisema. "Mjukuu wangu ameacha dawa. Nimezikuta chini ya godoro. Nikimuuliza, anasema kocha amesema aliyepatwa ametoka, na aliyetoka harudi. Anasema sasa dawa za nini."

Wasikilizaji, hebu tulieni hapo kidogo. Mtoto ana umri wa darasa la sita. Ameacha dawa zinazomweka hai. Ameziacha kwa sababu ya mchezo, na mchezo ule ulitungwa na mtu aliyempenda.

Bibi hakugombana. Alisema maji yakimwagika hayazoleki, lakini anaomba kocha atafute namna. Na akaomba jambo moja la pili: mtu yeyote asijue. Si mume, si ndugu, si mwalimu. Kocha akamwahidi. Mnakijua kiapo cha msusi? Wengi wenu mnacheka huko mliko. Saluni ndiko habari zinakoamkia kabla hazijafika mtaani. Kumbukeni ahadi ile ilitolewa katika chumba gani.

Siku ileile alifunga saluni mapema, akaenda zahanati kwa muuguzi aliyemfahamu. Hakutaja mtoto. Aliuliza tu, mtu akiacha dawa inakuwaje. Muuguzi akamweleza kwamba virusi vinaamka, vinapata nguvu, na vikizoea, dawa ileile inaweza isifanye kazi tena. Kila siku inayopita ni hasara. Kisha muuguzi, ambaye alikuwa ameuona mchezo wa kamba, akamwambia neno lililomkaa kifuani mpaka mwisho wa maisha yake. Alimwambia, "Wewe unafundisha jinsi ya kutokipata kirusi. Aliye nacho tayari, akija kwako, unamfundisha nini?"

Kocha akaaga. Alirudi nyumbani, akapika, akaunguza chakula. Mume wake anaikumbuka siku ile kwa sababu ya chakula, sababu nyingine hakuijua.

Alikwenda nyumbani kwa bibi. Mtoto akajifungia chumbani. Alikwenda mara ya pili, mlango uleule. Mtu mwingine angesimama mlangoni akatoa hotuba. Kocha alijua nyumba zile ni za ukuta mmoja, ukikohoa huku jirani anakupa pole kule. Neno moja tu likisikika, siri imekwisha. Kwa hiyo akanyamaza, akaondoka, akafanya jambo ambalo mtaa ule wanalizungumza mpaka leo bila kujua maana yake.

Alihamisha mazoezi. Aliyatoa uwanja wa shule, akayaleta kwenye uchochoro, mbele ya dirisha la bibi.

Uchochoro mwembamba, wapendwa. Kamba za kuanikia nguo huku, ndoo kule, mfereji wa maji machafu katikati. Watu wakauliza, kuna nini, si mna uwanja? Akajibu kwamba uwanja unatengenezwa. Lilikuwa jibu la haraka, na halikuwa la kweli. Sasa, mwanamke yule hakupenda kusema uongo mbele ya watoto. Akaona dawa ya uongo ule ni kuufanya uwe kweli. Akaenda kumwamsha mume wake.

Mwashi anasimulia mwenyewe. "Akaniambia, chukua jembe, nenda shuleni ukachimbe. Nikamuuliza, nichimbe nini? Akasema, pale katikati ya uwanja, mwalimu mkuu nimeshaongea naye, utamwaga saruji baadaye, ila leo chimba. Nikamuuliza kwa nini leo. Akaniambia, mume wangu, nikuombe usiniulize. Basi, nikachimba."

Ndivyo shule ile ilivyopata njia ya saruji ya kuchezea kriketi. Ni nzuri, nimeikanyaga kwa miguu yangu. Ilianza kama kisingizio.

Kule uchochoroni mambo hayakuwa laini. Mpira uliangukia beseni la nguo. Mpira uligonga mlango wa mzee mmoja mstaafu, akatoka na bakora na maneno makali. Wiki iliyofuata mzee yuleyule alitoka na kiti, akajitangaza mwamuzi. Mama mmoja akahamisha nguo zake mwenyewe ili aone vizuri.

Na mchezo wa kamba ulichezwa, lakini kwa sheria mpya. Kocha aliwakusanya watoto chini ya dirisha lile. Hakutazama dirishani hata mara moja. Akawaambia kwa sauti ya uwanjani kwamba amewafundisha vibaya. Watoto walishtuka, maana mtu mzima kusema amekosea si jambo wanalolisikia kila siku. Alisema, "Niliwaambia aliyeguswa ametoka. Si kweli. Nilikosea mimi. Kuanzia leo hakuna anayetoka nje ya kamba." Akafungua begi, akatoa pedi, zile kinga nene za kufunga miguuni. Aliyeguswa na mpira atakimbia kwenye begi, atafunga pedi, atarudi ndani acheze na wenzake mpaka mwisho. Pedi ni dawa. Na makofi matatu atapigiwa anaporudi.

Mtoto wa kwanza kuguswa akavaa pedi kubwa kuliko yeye, akarudi akitembea kama bata. Wakamshangilia. Dirisha halikufunguka.

Jumamosi nyingine, dirisha halikufunguka. Bibi alikutana na kocha sokoni, akatikisa kichwa tu: bado. Mdogo wa kocha anasema kipindi kile dada alikonda, akawa anasuka mistari inapinda, wateja wananung'unika. Alimuuliza kama ana ugomvi na shemeji. Dada akasema hapana, ni joto.

Jumamosi iliyofuata, mazoezi yamekwisha, watoto wanakusanya vifaa, mlango wa bibi ulifunguka. Mdakaji akatoka. Alikuwa amepungua. Hakuomba kucheza. Alimfuata kocha, aliyekuwa ameinama anafunga begi, akamuuliza maswali. Mdakaji anayakumbuka yote, na majibu yake, neno kwa neno. Ameniambia nami nawapa kama alivyonipa.

Aliuliza, "Kocha, hizo pedi mtu anazivaa kila mechi?"

"Kila mechi."

"Hata akichoka?"

"Hata akichoka. Mimi zinanibana, lakini navaa."

"Mpaka lini?"

Hapa, wasikilizaji, ilikuwa rahisi kumdanganya mtoto. Kocha aliketi juu ya begi wawe sawa kwa urefu. Akamwambia, "Siku zote, mama. Sitakudanganya. Ni siku zote. Lakini utakuwa unacheza."

Mtoto akasema wale wenzake wanadaka vibaya, wanafumba macho. Akaingia ndani. Jioni ile bibi alimwona akiomba maji ya kunywea dawa.

Zahanati ilimpima, ikampima tena baada ya muda. Dawa zilikuwa bado zinafanya kazi. Alinusurika chupuchupu. Alirudi mchezoni, akawa nahodha, akamaliza shule. Leo ni fundi simu, ana meza yake na wateja wake. Kuteleza si kuanguka, wahenga walisema, na mara hii naona waliwasemea wawili, mtoto na kocha wake.

Mchezo wa kamba haukurudi tena kwenye sheria za zamani. Maafisa wa afya walipokuja na kuuliza mbona umebadilika, kocha aliwaambia wa kwanza ulikuwa na kasoro. Walipouliza kasoro gani, aliwaomba waingie ndani ya kamba wacheze.

Kifo chake nakisema kama familia ilivyonieleza. Ni shinikizo la damu. Alikuwa akiumwa kichwa, akisema ni kusimama sana. Mdogo wake alimsihi akapime. Alipeleka watoto wa watu zahanati miaka yote ile, yeye akawa na udhuru kila wiki. Mganga hajigangi. Nasema kwa uchungu, maana ni kweli, na ingeweza kuzuilika. Wewe unayenisikiliza na kichwa kinakugonga tangu juzi, kesho nenda ukapime.

Siku ya msiba, mchana, nyumba imejaa watu, Mdakaji aliomba kuonana na wawili tu: mume na mdogo wa marehemu. Wakaingia chumbani. Akawaambia yeye ni nani. Akawaambia kuhusu dawa, kuhusu godoro, kuhusu uchochoro. Alidhani wanajua, kwamba mke na mume hawafichani. Hawakujua. Miaka yote ile, hawakujua chochote. Bibi alishafariki, na kocha aliendelea kuitunza ahadi aliyompa.

Mdogo wake aliniambia hivi. "Nilikasirika kwanza. Mimi na dada yangu tulishiriki kila kitu, mpaka vitana. Halafu nikajifikiria. Angeniambia mimi, mtaa mzima ungejua kabla ya Jumatatu."

Na mwashi? Mwashi, wanasema, aliangalia mikono yake. Kisha akamwambia yule binti, "Kumbe ni wewe. Angeniambia, ningechimba uwanja mzima." Akalia. Ndiyo mara ya kwanza kulia tangu mke wake afariki.

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa pole kwa mwashi, kwa mdogo wa marehemu, na kwa watoto wote waliowahi kuvaa pedi kubwa kuliko miguu yao. Mungu awape nguvu. Na sisi tuliobaki tujiulize jambo moja. Mwalimu darasani, mzazi mezani, kiongozi wa dini mbele ya waumini, hata sisi watangazaji: tunapozungumza kuhusu ugonjwa, tunazungumza kana kwamba mgonjwa yuko mbali. Hayuko mbali. Amekaa mstari wa pili, amejibu swali sawasawa, anasubiri kusikia kama bado ana nafasi.

Kabla sijaingia studio nilimpigia Mdakaji simu. Nilimuuliza kama ana neno angependa nimsemee kwa kocha wake. Alikuwa kazini, nilisikia wateja. Akasema, "Mwambie nimekunywa dawa leo asubuhi."